Kalamu ya Utepe Mweupe

Chini ya meza, Duka alivua vifuniko vya kalamu zake mbili za wino, akavibadilisha, akavibana mpaka vikalia. Kisha akaziweka kalamu juu ya meza na kuinua uso kama mtu aliyeinama kuokota kifutio.

Jina hilo la Duka alipewa na wanafunzi wenzake wa usanifu wa michoro, na lilimkaa sawasawa. Mkoba wake ulikuwa na kila kitu: penseli ngumu na laini, rula ya chuma, kisu cha kukatia kadi, gundi ya aina mbili, brashi za kila unene, hata pini za kubania karatasi. Ukikosa chochote, unakwenda kwa Duka.

Aliyekwenda mara nyingi kuliko wote alikuwa jirani yake wa meza, ambaye darasa zima lilimwita Niazime. Huyo alikuja chuoni na penseli moja tu, nayo imetafunwa kichwa. Lakini kwa penseli hiyohiyo atakuchorea mkono mpaka utamani kuushika na kuusalimia. Miaka mitatu Duka alimwazima vitu kwa moyo mweupe, na miaka mitatu Niazime akawa wa kwanza darasani kwa vifaa vya Duka, Duka mwenyewe akifuata nyuma yake. Moyo mweupe nao huchoka jamani.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho. Bosi wa kampuni ya matangazo alikaa mbele kabisa, mikono kifuani, amekuja kuchagua mtu wa kumwajiri. Mmoja, si wawili. Nyumbani, baba yake Duka alikuwa ameshasema lake: "Ukikosa safari hii, mwanangu, unakwenda dukani kwa baba yako mdogo ukapime misumari." Na mzee hakuwa mtu wa utani.

Sasa, zile kalamu. Kwa nje zilikuwa pacha, nyeusi tii. Tofauti ilikuwa ndani: moja, wino wake ukishakauka haujali maji, nyingine, maji yakiugusa tu wino, mistari yote inachuruzika. Ndiyo maana Duka aliizungushia ile nzuri utepe mweupe kwenye kifuniko, na darasa zima lilijua maana yake. Mtihani wenyewe ulikuwa bango la soko la asubuhi: mistari ya wino, halafu rangi za maji. Karatasi moja kwa kila mtu, imegongwa muhuri. Ukiiharibu, imekula kwako.

"Mwenzangu," Niazime alianza kwa sauti ya chini, "leo tena nimekuja na aibu zangu. Sina kalamu."

"Aibu ya nini? Shika hii." Duka alimpa yenye kifuniko cha utepe.

Niazime aliigeuzageuza. "Hii si ndiyo ile nzuri? Na wewe je?"

"Mimi na hii nyingine tutaelewana. Wewe chora."

Niazime akabaki anamtazama, machozi yakimlengalenga machoni. Duka alishindwa kuyavumilia macho yale. Aliona haya, kusema kweli, lakini haya hiyo haikufika mkononi. Akabeba mikebe yao miwili akaenda bombani kuchota maji ya wote wawili, ukarimu umempanda ghafla.

Aliporudi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Niazime alikuwa ameinama anachonga penseli kwa kichongeo cha kuazima.

Karatasi zikagawiwa. Duka alichukua kalamu yake isiyo na utepe, akaanza. Na mkono, sijui ulipata wapi baraka siku hiyo, ukawa mwepesi. Miavuli ya wauzaji ikasimama, vikapu vikajaa, mama mmoja mnunuzi akatoka amekunja uso hasa. Katika miaka mitatu Duka hakuwahi kuchora namna ile. Bosi alipita, akasimama nyuma yake, akatikisa kichwa mara mbili kwa kuridhika, kisha akarudi kitini.

Duka akaiba jicho pembeni, na nusura acheke. Niazime alikuwa anapaka rangi, na mstari hata mmoja wa wino hajachora. Wamefundishwa wino kwanza, rangi baadaye, na leo huyu anakwenda kinyumenyume. Kisha kicheko kikamkauka. Wino ukija mwisho, juu ya rangi iliyokauka, hakuna maji yatakayougusa. Ujanja wote ule umekwenda bure.

Akaitazama tena kazi yake, moyo ukatulia. Potelea mbali. Leo hakuhitaji ujanja wowote, nafasi ilikuwa yake. Aliona hata vibaya kidogo kwa alichomfanyia mwenzake, akaamua kwamba akishaajiriwa atamnunulia kalamu yake mwenyewe.

Dakika kumi na tano zikabaki. Msimamizi wa mtihani alitoka mlangoni kupokea simu. Duka akachukua brashi pana kuliko zote, akaichovya kwenye maji na njano nyepesi ya jua la asubuhi. Rangi ya namna hiyo hupitishwa juu ya mchoro mzima kwa mikupuo mirefu bila kusita, ukisita inaacha mabaka. Akaanzia juu, upande wa kushoto.

Niazime akamwinamia sikioni. Duka akamgeukia, mkono ukiendelea na kazi.

"Usione nimeanza na rangi," Niazime alinong'ona. "Ulinipa nzuri ukabaki na mbovu, roho yangu ikakataa. Ulipokwenda kuchota maji nilikurudishia ile nzuri, nikabadilisha na vifuniko. Maana ungejua, ungekataa."

Brashi ya Duka ilikuwa imeshavuka nusu ya karatasi, na njano ilikuwa inageuka nyeusi.