Buti Bichi

Nyamizi hakutulia tangu kulipokucha. Alipanga vyombo, akavipangua, akatoka nje kutazama jua, akarudi. Mumewe Lugendo alikuwa anaoga, na king'ora cha mgodi kilikuwa karibu kulia. Jana alirudi akisema kuta za shimo zinatoa jasho, kisha akacheka.

Mabuti yake yalikaa pembeni, yamejazwa pumba za mpunga zinyonye unyevu usiku kucha. Katika mji ule hakuna mchimbaji aliyeshuka shimoni na buti bichi. Walisema buti bichi huyaita maji yafurike shimoni.

Nyamizi akazimwaga pumba, akachota maji mtungini, akayamimina ndani ya buti la kushoto.

Lugendo alipotia mguu, akauchomoa upesi.

"Mama Kulwa, paa linavuja?"

"Linavuja, Baba Kulwa."

Wote wawili wakatazama juu. Ulikuwa mwezi wa vumbi, na bati lilikuwa likitatarika kwa jua.

King'ora kikalia. Lugendo akayamwaga maji, akakaa kwenye kigoda, akaanza kulijaza buti pumba upya, kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa.