Ada ya Kufuta Madeni

Nurzat alipokea simu huku msimamizi amesimama nyuma ya kiti chake. Mteja akimponyoka, hukatwa mshahara. Akiomba likizo aende kwao milimani Naryn, huambiwa asubiri. Mwaka wa pili huu.

“Binti yangu,” mzee alisema kwa lafudhi ya Naryn, “tangazo lenu linasema mnafuta madeni yote. Nikimuuza farasi wangu nilipe ada, kweli yatafutika?”

Kwa mbali, farasi alilia, na kengele za kondoo zikasikika. Nurzat alifumba macho.

“Mwambie ndiyo,” msimamizi alinong’ona.

“Usimuuze, baba. Hatufuti chochote. Tunakula ada tu.”

Msimamizi akanyoosha mkono kukata simu. Nurzat akakifunika kitufe kwa kiganja.

“Baba, huko theluji imeshayeyuka?”