Nani Anajua Uko Hapa?

Jovina alivunjika kucha mbili kabla ya kukubali kwamba dirisha lile halifunguki. Lilikuwa limepigiliwa mbao kwa nje.

"Acha, mdogo wangu," alisema mwanamke aliyekaa kwenye godoro. "Utajiumiza bure. Wote wanaanzaga na dirisha."

Aliitwa Herieth. Alikuwa na miaka kama thelathini, mwembamba, amevaa dera lililopauka. Jovina alimkuta humo chumbani siku alipofungiwa, juzi Jumanne, na ndiye aliyemwelekeza kila kitu: kikombe cha kunywea, saa ya kwenda chooni, na yupi kati ya wanaume wa getini ana mkono mwepesi wa kupiga.

Nyumba ilikuwa Temeke, ndani ya ukuta mrefu. Jovina aliingia kwa miguu yake mwenyewe, begi mkononi, akijua anakuja kwenye semina ya siku moja kabla ya safari. Mama Demetria, aliyekuwa akisali naye Tabata tangu Pasaka, alikuwa amempatia kazi ya mapokezi kwenye hoteli huko Uarabuni. Mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na sita, angekataaje? Alipofika wakachukua simu na pasipoti yake, eti kwa usajili. Kisha akaja mwanamume mmoja na gauni fupi, akamwamuru alivae, akampiga picha mbele na nyuma, akawatumia watu aliowaita wateja.

Hapo Jovina akaelewa ni kazi gani.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliambiwa. Jumapili mbili nyuma mchungaji wao alimkaribisha mama mmoja azungumze kanisani juu ya wasichana wanaouzwa, na kila mtu akapewa karatasi. Mama yule alitaja yote: kazi ya nje, semina, pasipoti, simu. Jovina alikuwa upande wa kwaya na joto lilikuwa kali. Karatasi yake aliitumia kujipepea. Aliona yale ni mambo ya watu wasiosoma, si ya mtu mwenye cheti.

Mchana mlango ulifunguliwa, sahani mbili za wali zikasukumwa ndani. Ya Jovina ilikuwa na mchuzi mtupu. Ya Herieth ilikuwa na samaki. Herieth alimmega samaki katikati, akampa mwenzake nusu, na Jovina akaanza kulia hata kabla hajaonja.

"Dada, umekaa humu muda gani?"

"Wa nne huu, mwaka."

"Mbona wewe hawakusafirishi?"

Herieth alitafuna polepole. "Nilishaenda. Nikarudishwa mgonjwa. Siuziki tena."

Wakaendelea kula. Nje mtu alikuwa anacheka kwenye simu. Kisha Herieth akauliza, bila kuinua macho kwenye sahani, "Kuna mtu anajua uko hapa?"

Jovina aliutazama mlango.

"Sawa, usimwambie yeyote," Herieth alinong'ona. "Wakijua una ndugu wa kukufuata, hawangoji ndege ya Jumatatu. Wanakuhamisha siku hiyohiyo, na huko unakopelekwa hata mie sikujui. Ila mie niambie. Tuombe tukijua tunaomba nini."

Ni siku mbili hakuna aliyemsemesha kwa upole isipokuwa huyu. Jovina akamwambia. Alikuwa na kaka yake, Allen, fundi wa mafriji. Si mtu wa kanisani sana, lakini aliikuta ile karatasi mezani, akaisoma yote mpaka mwisho, kisha akamng'ang'ania dada yake amwandikie mtaa na rangi ya geti.

"Nilimcheka, dada. Nikamwandikia ili aninyamazie tu. Akasema nisipompigia mpaka Jumamosi, anakuja na polisi. Leo Alhamisi. Ni kesho kutwa!"

Herieth aliinamisha kichwa. "Basi omba."

Walishikana mikono. Jovina alianza na Herieth. Aliuombea mwili wake, akaiombea ile miaka minne. Akaomba kama ana mama popote alipo, mama huyo asichoke kumngoja. Akaomba kwamba Jumamosi mlango ukifunguliwa, Herieth ndiye atangulie kutoka. Kwa ajili yake mwenyewe aliomba asivunjike moyo, basi. Alipofumbua macho, mwenzake alikuwa anamkazia macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Wenzio wote walijiombea wenyewe," Herieth alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Siwalaumu. Lakini hakuna aliyewahi kunitaja jina mbele za Mungu."

Alisimama, akakusanya sahani, akagonga mlango mara mbili. Ukafunguliwa, akatoka, ukafungwa tena kwa nje. Jovina alidhani ameitwa kuosha vyombo, kama jana. Chumba kilikuwa kidogo zaidi bila yeye. Akajikokota hadi mlangoni na kuweka sikio kwenye mbao, asikie japo sauti ya mtu.

Sauti aliyoisikia ilikuwa ya Mama Demetria.

"Enhe, Herieth. Na huyu wa kumi na mbili amekwambia nini? Ana watu wa kumfuata?"

 Jovina alikaa sakafuni, kiganja mdomoni, akingoja kusikia jina la kaka yake. Upande wa pili sahani zilisikika zikiwekwa chini, moja baada ya nyingine.

"Hana mtu, mama," Herieth alisema. "Yatima huyo. Mwache tu, angoje Jumatatu na wenzake."