Maji ya Mawe

Watu wa Mlimani walikunywa maji ya mawe, mawe yaliyozama chini kabisa ya ardhi yakiwa yameshiba bahari. Bomba likifunguliwa, mawe hubanwa huko, huyatema maji na kupasuka, na nyumba za Bondeni hutikisika. Ndiyo maana kila mwenye zamu ya kuteka aliwapigia simu kwanza watu wa Bondeni watoke nje, kisha akafungua bomba.

Zamu ya Tausi ilikuja mara moja kwa mwezi. Siku hiyo alipiga, akafungua. Ndoo ilikuwa imefika nusu pale mdogo wake Hidaya alipopiga kutoka Bondeni.

“Dada, funga! Mama bado yumo ndani, miguu imemgoma!”

Tausi aliitazama ndoo.

“Si umbebe,” alisema, wala hakugusa bomba.

Matangani, wageni waliyanywa maji yale wakimwombea marehemu. Hidaya aliomba kikombe cha pili.