Picha ya Kupeleka Kambini

Consolatha aliirudisha kamera ya kwanza mezani kabla Frednand hajamaliza kuisifia.

"Mama, hata hujaishika vizuri!"

"Nimeishika. Nionyeshe nyingine."

Frednand alicheka. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kurudi kwao na mashirika yaanze kufunga ofisi, kiduka chake pale Ngara mjini kilikuwa kimejaa vitu vya wageni walioondoka: redio, tochi, na kamera za dijitali, zile zisizotumia mkanda. Wateja aliwaambia kwamba kamera hizo zimechoka kupiga milima, sasa zinataka watu.

Mtu wa kupigwa picha alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, penye mwanga. Claudia alivaa gauni lake la Komunyo, ambalo sasa lilimbana kwapani, na alikuwa amepakwa mafuta hadi magotini. Tangu watoke kijijini Kanazi asubuhi ile, mdomo wake haukupumzika.

"Mama, kama mama aliyenizaa yuko hai, picha ataiona lini?"

"Tulia. Jasho litakuharibu uso."

Habari ya Claudia ilijulikana Kanazi nzima. Mwaka ule vita vilipowasukuma watu kuvuka mpaka, Consolatha alimkuta amelala kwenye shamba lake la migomba, hajui kutembea sawasawa, hajui kutaja jina lake. Consolatha alikuwa mjane asiye na mtoto. Alimfunga mgongoni, na ni kama hakumshusha tena.

Sasa kambi ya wakimbizi ilikuwa karibu kufungwa. Watu wa kutafuta ndugu walisimamisha ubao kule kambini, wakabandika picha za watoto waliopotea, na wazazi walipita mbele yake kutwa nzima wakitazama uso mmoja baada ya mwingine. Wako waliopiga vigelegele pale pale. Wako walioanguka.

Gari la mpiga picha wao lilipofika kanisani Kanazi, Claudia hakuwepo. Consolatha alisema ana homa. Basi Priscila, binti aliyeandikisha watoto, akaagiza picha iletwe kabla ya Jumapili.

"Uso wa mtoto hubadilika," aliwaambia akina mama. "Alama haibadiliki. Akiwa na alama, ionekane."

Claudia alikuwa na kovu la moto chini ya jicho la kushoto, dogo kama jani changa la maharage. Tangu siku hiyo, kila Consolatha alipokutana na wanajumuiya wenzake kisimani, waliuliza swali moja: "Umeshapeleka?" Chakula kikamshinda. Akipalilia mahindi, mara anajikuta anang'oa mahindi yenyewe.

"Hii sasa ni moto wa kuotea mbali," Frednand alisema, akiinua kamera ya pili. "Cheka basi, bibi harusi!"

"Sicheki, kaka," Claudia akajibu. "Huyo mama akiniona nacheka, atadhani sikuwa namkumbuka."

Consolatha aligeukia barabarani ghafla, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Mama, njoo uone," Frednand alimwita. "Hata kope unazihesabu."

Aliinama juu ya kile kioo kidogo cha nyuma. Kovu lile pale, safi, kila ukingo wake. Akaisukuma kamera kando.

"Betri zake hazikai," alisema.

"Umejuaje, na hujaitumia?"

"Zinaonekana."

"Mama, kama ni bei, tutaongea. Kwa kazi kama hii nikikubania, Mungu ataniuliza."

"Si bei."

Frednand alijikuna kichwa. "Basi nenda kwa Laurian wa studio. Anakupiga, anasafisha, unaondoka na picha yako mkononi. Kamera nzima ya nini?"

"Laurian akipiga, anapiga anavyotaka yeye. Mimi nataka ya kwangu, nikae nayo nyumbani." Akamtazama Claudia. "Mtoto akienda, mimi nitabaki natazama nini?"

Kijana aliona aibu. Akainama chini ya meza, akatoa boksi zima, akalimwaga. Consolatha alizipekua kamera zile moja moja, haraka haraka, kama mtu anayechambua mbegu na mvua imeshaanza kupiga bati. Aliwasha, akamlenga Claudia, akatazama, akaweka kando. Nyingine. Akaweka kando. Claudia alichoka kukaa. Aliomba ruhusa, akatoka kwenda kujitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa ng'ambo ya barabara.

"Na hiyo ya kijivu?"

"Hiyo achana nayo. Naifungua vipuri. Ilinyeshewa, lenzi imeota ukungu."

"Niwashie."

Frednand aliiwasha kwa kumridhisha tu. Consolatha akaielekeza ng'ambo, akamwita mtoto kwa jina, na Claudia alipogeuka, akabonyeza.

Wakatazama pamoja. Kwenye kioo alikuwepo mtoto wa mtu yeyote, kama amekaa nyuma ya moshi wa jiko la kuni: kichwa, gauni jeupe, mashimo mawili ya macho. Mashavu yote mawili laini kama yai.

"Si nilikwambia?" Frednand alisema. "Hii siwezi kukuuzia, mama, ni dhambi. Huyo mama wa watu atasimama mbele ya ubao, atamtazama mwanawe usoni, halafu atapita."

Consolatha alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kitenge lenye pesa.

"Nifungie hiyo," alisema.