Bibi Anataka Pilipili

Siku hizi kila mwanafunzi huunganishwa ulimi na mgonjwa wa kwao asiyeweza tena kumeza, ili akila yeye, mgonjwa naye aonje na sauti yake imfikie sikioni. Somoe aliunganishwa na bibi yake aliyelala kitandani Newala. Mchana huo, alipotia tu kisamvu mdomoni kwenye kantini ya chuo, bibi akaangua kicheko sikioni mwake.

“Ehee, mke mwenzangu! Nazi imekolea! Ongeza pilipili!”

Somoe akaongeza hadi machozi yakamtoka, wakacheka wote wawili mpaka meza ya jirani ikageuka.

Mama Chausiku, mpishi, akaja na upawa, anatabasamu. “Bibi keshafurahi. Na wewe, mwanangu, nikupakulie nini unachokipenda?”

Somoe akafungua mdomo amjibu. Kisha akainamisha sikio, akisubiri bibi amchagulie.