Maneno Yasiyofaa Kanada

Asubuhi hiyo Constantin aliuza neno "petrichor" kwa samaki wawili wakavu, na dhamiri ikamsuta mpaka saa sita mchana.

Si kwamba neno lilikuwa bovu. Ni neno zuri mno: harufu ya udongo mkavu unapopigwa na mvua. Alimweleza Mama Honorine kwamba limeungwa kutoka Kigiriki, kipande kimoja ni jiwe, kingine ni yale majimaji yaliyosemwa kupita katika mishipa ya miungu badala ya damu. Mama Honorine akafumba macho, akalitamka mara moja tu, sawasawa. Lakini hebu niambie, mtu anayekwenda kwenye theluji ya magotini, neno hilo atamwambia nani? Ubaya ulikuwa hapo, na Constantin aliujua vizuri maana ndiye aliyeupanga.

Constantin alikuwa na meza ya uandishi sokoni Lubumbashi, katika mtaa uitwao komini ya Kenya: kompyuta moja, mashine ya fotokopi, na kamusi nene ya Kiingereza inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na Kifaransa alifundishwa na mapadri. Kiingereza alijifundisha mwenyewe, jioni kwa jioni, na ile kamusi.

Jirani yake sokoni ndiye huyo Mama Honorine, muuza samaki aliyehamia mwaka jana akitokea Pweto, kando ya Ziwa Mweru. Kifaransa hakuwa nacho hata cha kuombea chumvi. Mtu akimwambia "bonjour", yeye anajibu "jambo" na kuendelea kupanga kisense wake, wale dagaa wadogo wa ziwani. Na kwa watu wa Lubumbashi, ukikosa Kifaransa, basi wewe darasa hukulikanyaga. Constantin naye alifikiri hivyohivyo, wala hakujua kwamba anafikiri.

Siku moja mama huyo alivuta kigoda akaketi mbele ya kamusi.

"Papa Constantin, mutoto wangu Graciella iko Kanada. Ananiita kule. Unifundishe Kiingereza, neno moya kila siku. Nitakulipa na samaki."

"Utaandika wapi?"

"Mu kichwa."

Wiki ya kwanza alimpa maneno ya maana: mlango, baridi, daktari. Mama aliyashika upesi mpaka mwalimu akaingiwa na hofu. Kwa mwendo ule, kabla ya Pasaka angekuwa ndani ya ndege. Na Constantin alishazoea kumwona akifika asubuhi, kumsikia akibishana na wateja, kula naye bukari, ule ugali wa kwao, mchana. Tusizungukezunguke: alimpenda. Alimpenda na hakuwa na ujasiri wa kusema, mwanamume mzima mwenye mvi, aibu tupu.

Basi akaanza kumpa maneno ya ajabu. Alimpa "gossamer", uzi wa buibui unaoelea hewani, neno ambalo wataalamu wanadhani lilitoka kwenye bata bukini na majira ya joto. Mama Honorine alilipokea kwa furaha. Siku zote alikuwa na haraka ya kitu kimoja.

"Maana uache kwanza. Neno ilitokea wapi?"

Juzi alimpa "uxorious", mume anayempenda mkewe kupita kiasi, kutoka neno la Kilatini la mke. Mama Honorine alicheka hata kabla ya kuelezwa. Constantin akadhani ni mlio wa neno uliomchekesha, na siku nzima akatembea amefurahi.

Sasa, saa sita ya siku ile ya "petrichor", Mama Honorine alikuja na bakuli la bukari, akaketi.

"Graciella alipiga simu. Anataka jibu leo. Tiketi iko tayari."

Constantin akarudisha tonge bakulini. Akilini akamwona mama wa watu amesimama peke yake uwanja wa ndege, afisa anamuuliza swali, naye anamjibu kuhusu nyuzi za buibui. Hapana. Kumpenda mtu si kumfanyia hivyo. Akachukua karatasi, akaandika maneno ishirini ya Kiingereza ambayo msafiri hawezi kuyakosa: pasipoti, mzigo, koti, msaada, nimepotea. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, nilikudanganya. Yale maneno yote haina kazi. Hata Waingereza mingi habayajue. Nilitaka uchelewe."

"Nichelewe nini?"

"Kuenda."

Mama Honorine aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini. Alipomaliza hakucheka.

"Kumbe hii karatasi ni ya kunifukuza."

Constantin alitaka kusema hapana. Alitaka kusema mengi, na yote aliyajua kwa lugha tatu. Akaishia kufunga kamusi.

Wakati huo lori la samaki likasimama kando ya meza. Dereva alikuwa mgeni kwenye njia ile, mwanamume mwenye ndevu aitwaye Chomba, mtu wa Kashikishi, ng'ambo ya Ziwa Mweru upande wa Zambia. Alishuka akiuliza nani anapokea mzigo. Alipomwona Mama Honorine alivua kofia, akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia wakubwa kwao. Akasema kwa Kibemba, ambacho Constantin alikisikia vizuri tangu utotoni:

"Madam, shule nzima bado inakuulizia. Mwalimu mpya wa Kiingereza anajitahidi, ila si kama wewe ulivyotufundisha sisi. Mkuu wa shule ameniagiza nikikuona nikuulize utarudi lini."

Mama Honorine alimrudishia Constantin karatasi yake.

"Uwaambie sirudi," akasema akimgeukia Chomba. "Na Kanada siendi. Mimi bado ninasoma."